Kanda ya Mjomba: Nyimbo Nane za Horohoro na Suala la "Mwimbaji Hajulikani"

Utangulizi

Makala haya yametokana na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa mwaka wa pili niliandika insha ya somo la Fasihi Simulizi kuhusu maudhui ya mapenzi katika nyimbo za mwambao. Miongoni mwa mifano yangu nilitia wimbo wa "Macho Yanalia", na pembeni yake nikaandika kama tulivyozoea kuandika wote: "Taarabu ya Tanga, mwimbaji hajulikani." Mwalimu alinirudishia insha ile ikiwa na wino mwekundu mahali pamoja tu. Chini ya maneno yangu aliandika: "Umemtafuta wapi?"

Ukweli ni kwamba sikuwa nimemtafuta popote. Wimbo ule niliutoa kwenye kanda ya mjomba wangu wa Horohoro, na kanda haikuwa na jina la mwimbaji. Nikaona basi, kama hakuandikwa hajulikani. Kumbe mwimbaji mwenyewe ni Bi Shakila Saidi, aliyeimba na vyama vya Black Star na Lucky Star vya Tanga, na ambaye alifariki Dar es Salaam mwezi Agosti 2016. Yaani mtu ambaye karibu kila mzee wa mwambao angenitajia jina lake hata kabla sijamaliza kuuliza, mimi msomi wa fasihi nilimfanya mtu asiyejulikana.

Ndugu msomaji, sina nia ya kukulilia kuhusu alama zangu. Nia yangu ni kukugawia kanda ile, wimbo kwa wimbo, na njiani tujiulize swali moja: mtunzi au mwimbaji "asiyejulikana" anatoka wapi? Vitabu vyetu vinatufundisha kwamba fasihi simulizi ni mali ya jamii na kwamba mtunzi wake wa mwanzo aghalabu hajulikani. Mimi nadai kwamba hali hiyo ina historia. Kuna watu walioipitisha, kuna mashine zilizoisaidia, na mara nyingine kuna tarehe. Kanda ya mjomba inatuonyesha jambo hilo likitokea machoni petu, katika muda usiozidi miaka arobaini.

Horohoro na fundi wake

Kwa wasiopajua, Horohoro ni mpakani, kaskazini ya Tanga, siku hizi katika Wilaya ya Mkinga. Ng'ambo ya pili ni Lunga Lunga, na mbele ya hapo ni barabara ya kwenda Mombasa. Mstari wenyewe unatokana na makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, waliogawana nchi kuanzia pwani, upande wa mto Umba. Wadigo walikuwa huku na kule kabla ya mstari, na wako huku na kule mpaka leo. Harusi ya Duga Maforoni ina wageni wa Vanga, na msiba wa Vanga una watu wa Moa.

Mwezi Februari 1977 Serikali ya Tanzania iliufunga mpaka na Kenya, na katika mwaka huo huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983. Miaka hiyo sita na ushei ni muhimu sana kwa historia ya muziki wetu, ingawa katika vitabu vingi inatajwa kwa ajili ya biashara na ndege tu. Tanzania ya wakati ule haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zilikuwa nyingi, na Redio Tanzania Dar es Salaam ilizirekodi kwa wingi, lakini nyimbo zile zilikaa kwenye mikanda ya redio na kupigwa hewani. Bendi iliyotaka sahani ya kuuza dukani ilibidi ielekee Kenya. Taarabu ya Tanga, kwa mfano, ilichapwa Mombasa na lebo ya Mzuri iliyokuwa ya duka la Assanand. Si jambo geni kwa pwani yetu: hata Siti binti Saad mwaka 1928 ilibidi asafiri mpaka Bombay ili sauti yake iingie kwenye santuri. Wimbo wa kwetu tangu zamani ulilazimika kutoka nje ndipo urudi umeshikika mkononi.

Sasa hapo katikati ya kutoka na kurudi ndipo alipokaa mjomba. Mpaka ulipofunguliwa alikuwa kijana, akaweka meza ya ufundi wa redio pale Horohoro, chini ya mwembe. Barabara ilikuwa ya vumbi (lami ya Tanga hadi Horohoro, kama kilomita 65, imekuja baada ya 2010), na vumbi ni adui wa redio kaseti. Kila gari lililosimama mpakani lilikuwa na mtu mwenye redio inayokula mkanda. Mjomba alifungua, akasafisha kichwa cha kusomea kwa pamba na spiriti, akarudisha mkanda kwa kuzungusha kalamu. Malipo alichukua kama kawaida, ila alikuwa na ombi moja: "Niachie wimbo mmoja." Abiria alikunywa chai, na mjomba kwa redio yake ya milango miwili akadabu wimbo mmoja kutoka kwenye kanda ya mgeni. Forodhani watu walilipa ushuru wa khanga na sabuni. Kwa mjomba walilipa ushuru wa wimbo.

Hivyo ndivyo kanda yake ilivyojazwa. Ni kanda ya dakika sitini, thelathini kila upande. Juu amevunja vile vidude viwili vya plastiki ili asije mtu akafuta kwa bahati mbaya. Kwenye karatasi yake ameandika kwa herufi kubwa MCHANGANYIKO, na chini yake orodha. Lakini orodha yenyewe ni hii: "wa dereva", "wa bibi harusi Duga", "wa karani", "redioni", "wa shangazi wa Vanga", "wa hotelini", "wa mwalimu". Umeona? Kila wimbo una jina la aliyeuleta. Aliyeuimba hakuandikwa.

Upande wa kwanza

Wimbo wa kwanza, "wa dereva", ni "Sina Makosa" wa Les Wanyika. Dereva mwenyewe alikuwa wa lori la Mombasa. Historia ya wimbo huu ni historia ya mpaka. Ndugu wa Kinyonga, Wilson na George, walianzia Tanga katika Jamhuri Jazz, bendi ambayo zamani iliitwa Young Nyamwezi. Wakaenda Arusha, kisha mwaka 1971 wakawa Mombasa na kuanzisha Simba Wanyika. Mwaka 1978 kundi la wanamuziki lilijitenga na Simba Wanyika jijini Nairobi, likaitwa Les Wanyika. Humo alikuwemo Omar Shabani na gitaa lake la ridhimu, na John Ngereza akajiunga nao. "Sina Makosa" ukaja kutikisa Afrika Mashariki nzima wakati mpaka umefungwa. Watanzania walioimba Kiswahili cha Kitanzania wakiwa Nairobi walisikika kwao kwa mawimbi ya redio na kwa kanda zilizopita njia za panya. Kifani, sikiliza namna gitaa la ridhimu linavyorudia neno lake moja bila kuchoka, kama mtu anayejitetea barazani. Mwimbaji anadai hana kosa. Gitaa ndilo shahidi wake.

Wa pili ni huo "Macho Yanalia" ulionitia aibu. Bibi harusi mmoja wa Duga alileta kanda ya harusi yake itengenezwe, na wimbo huu ulikuwa ndani. Wahakiki wa taarabu mara nyingi huanzia Unguja na kuishia Unguja, lakini taarabu ya Tanga ya miaka ya 1960 na 1970 ilikuwa na mapinduzi yake. Black Star walileta gitaa la umeme na besi, wakapunguza wingi wa ala, wakaingiza mwendo wa dansi. Ilikuwa taarabu ya vijana, inayobebeka, na ilivuka mpaka wa Umba hadi Mombasa kwa haraka. Sauti ya Bi Shakila haina haraka hata kidogo. Hapigi kelele ya kilio, anatoa taarifa ya kilio. Ndiyo maana nafikiri wimbo huu unaingia moyoni: anayelia ni macho, naye mwenyewe amebaki ametulia akiyatazama.

Wa tatu, "wa karani", ni "Shida" wa Mbaraka Mwinshehe na Super Volcano. Mbaraka alitoka Morogoro Jazz, akarekodi Kenya kama wengine, na akafia Mombasa kwa ajali ya gari tarehe 12 Januari 1979, wakati mpaka ungali umefungwa. Karani aliyeuleta, kwa maelezo ya mjomba, hakuwahi kuupiga wimbo huu mbele ya watu. Aliusikiliza peke yake jioni baada ya kazi. Ni wimbo wa mtu aliyekwama kimaisha anayeona wenzake wakimpita. Nimeuchambua darasani kama "maudhui ya kijamii", lakini nilipousikia kwenye kanda hii, baada ya kilio cha mapenzi na kabla ya wimbo wa taifa zuri, nikaona mjomba ananiambia kitu kwa mpangilio tu. Diwani yoyote ni hivyo: shairi halisomwi peke yake, linasomwa na majirani zake.

Na huyo jirani wa nne ni "Tanzania Yetu" wa Atomic Jazz ya Tanga, "redioni". Mjomba aliunasa hewani kutoka Redio Tanzania. Mwanzo wake umekatwa, maana alikimbilia kitufe wakati gitaa limekwisha anza. Sote wa nchi hii tumeusikia wimbo huu wa sifa. Ila baada ya "Shida" sifa zile zinasikika tofauti. Si kejeli, mjomba si mtu wa kejeli. Ni kama mtu aliyelalamika sana halafu akakumbuka kwamba bado anapapenda nyumbani kwao.

Upande wa pili

Unageuza kanda, na unaanza na "Jino la Pembe" wa Zuhura Swaleh, uliotoka kwa "shangazi wa Vanga". Hapa tumehamia Mombasa. Miaka ya 1970 na 1980 harusi za Mombasa zilikuwa ndiyo studio. Watu waliweka redio kaseti zao karibu na vipaza sauti, kesho yake kanda zikaanza kusafiri, na maduka kama Mbwana Radio Service yakauza kanda za kina Zuhura, Maulidi Juma, Juma Bhalo na Zein l'Abdin. Wanawake walinunua, wakaazimana, wakatumiana mafumbo kwa kanda. Shangazi alileta wimbo huu kwa sababu zake, na mjomba anakataa mpaka leo kunieleza ulikuwa unamlenga nani. Nikimshikilia ananiambia, "Mambo ya wanawake hayo, mwanangu, tuendelee."

Wa sita, "wa hotelini", ni "Jambo Bwana" wa Them Mushrooms, kundi la ndugu wa pwani ya Kenya. Kijana mmoja mfanyakazi wa hoteli ya watalii Diani alikuwa akirudi kwao kwa likizo. Wimbo huu uliotungwa na Teddy Kalanda Harrison ulitoka mapema miaka ya 1980, na mwaka 1983 Boney M wa Ujerumani wakaja na wimbo wao kutokana nao. Leo mtalii yeyote anauimba akidhani ni wimbo wa mababu. Wengi wetu pia. Una miaka arobaini na kitu tu, mtunzi ana jina na ana picha, lakini umekwisha tiwa kwenye kapu la "nyimbo za asili". Hapa hatuwezi kusingizia ukale.

Wa saba, "wa mwalimu", ni "Malaika" kwa sauti ya Miriam Makeba. Huu ndio wimbo wenye kesi kubwa kuliko zote Afrika Mashariki. Fadhili William wa Kenya aliurekodi mapema miaka ya 1960 na akatambuliwa na wengi kuwa mwenyewe; Adam Salim wa Tanzania naye alidai kwamba aliutunga yeye tangu miaka ya 1940; na wako waliotaja majina mengine. Boney M waliuimba pia, 1981. Kwa maoni yangu ugomvi huu, pamoja na ubaya wake, ni afadhali kuliko kimya. Watu wanaogombania mtunzi angalau wanakubaliana kwamba mtunzi yupo.

Wa nane ndio ulionishangaza. Mjomba hakuuandika "wa mzungu". Mgeni mmoja kutoka Uingereza, kijana mwenye begi mgongoni, alitengenezewa redio yake ndogo ya masikioni. Alipoombwa wimbo alikubali kwa furaha, kisha akachukua karatasi ya kanda na kuandika mwenyewe kwa mwandiko safi: The Smiths, "There Is a Light That Never Goes Out", 1986. Jina la kundi, jina la wimbo, na mwaka. Katika nyimbo nane za kanda hii, wimbo pekee wenye jina la waimbaji ni wa watu wa Manchester.

Wakati huo huko kwao

Huo wa nane unatupa kipimo. Uingereza ya miaka ile ilikuwa na muziki ulioitwa indi, maana yake wa makampuni madogo yanayojitegemea, yasiyo chini ya makampuni makubwa. The Smiths walitolewa na kampuni ya namna hiyo, Rough Trade. Kanda nazo zilikuwa silaha yao. Mwaka 1986 gazeti la muziki la NME lilitoa kanda iliyoitwa C86 ikiwa na makundi 22, na wasomaji wakaiagiza kwa posta. Majina ya makundi yote yalichapwa. Kanda ile ilipata umaarufu mpaka jina lake likawa jina la mtindo wa muziki, na watu wanaiandikia vitabu hadi leo. Makampuni makubwa ya huko nayo yalikuwa na kampeni ya kuwaonya watu kwamba kurekodi nyumbani kunaua muziki.

Lakini tukifuata maana halisi ya neno lenyewe, Mzuri ya Mombasa ilikuwa nini kama si kampuni ndogo inayojitegemea? Na mwaka 1989 kampuni ndogo ya London, GlobeStyle, ilitoa mkusanyo wa taarabu ya Black Star na Lucky Star kwa jina la Nyota, kutokana na rekodi zile zile za Mombasa. Kwa hiyo vijana wa Tanga na vijana wa Manchester walikuwa katika biashara ya aina moja, miaka inayokaribiana, kwa mashine ile ile ya kanda ambayo kampuni ya Philips iliileta duniani mwaka 1963. Tofauti haikuwa ubora wa muziki. Tofauti ilikuwa kwenye karatasi ya kanda.

Nilipofika hapo katika mawazo yangu nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilikuwa na anwani.

Mjibizano na mjomba

Nilikwenda Horohoro likizo iliyofuata. Meza ya redio haipo, mjomba sasa anauza vocha na kuchaji simu, na mpakani kuna jengo kubwa la kituo cha pamoja. Nilimwamkia, "Shikamoo mjomba," akaitikia, "Marahaba mwanangu, chuo hawajakufukuza tu?" Baada ya chai nikamtolea hoja zangu. Nikamwambia kwamba kwa kudabu bila ruhusa wanamuziki hawakupata hata senti, na kwa kutoandika majina akawaibia mara ya pili. Nikataja na sheria: ya hakimiliki ilikuwepo tangu 1966, na ile ya Hakimiliki na Hakishiriki ikaja 1999.

Mjomba hakukasirika. Kuhusu senti alikiri. Alisema, "Hapo sina la kusema. Ila nawe niambie, santuri ningenunua duka gani hapa Horohoro? Na nisingedabu, wewe ungeusikia wapi?" Nilijua anasema kweli. Sauti nyingi za bendi zetu zilibaki kwenye rafu za redio kwa miaka, na santuri zilichubuka. Kanda za watu kama yeye ndizo zilizotufikishia nyimbo sisi tuliozaliwa nyuma.

Kisha nikamuuliza kuhusu majina. Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyeuliza kwa nini maji ni maji.

"Yule mzungu aliandika kwa sababu alijua mimi simjui mtu wake," alisema. "Hawa wengine nani alikuwa hawajui? Niandike 'huyu ni Shakila', ili iwe nini? Mtu akiona ananicheka. Ataniuliza, kwani we fundi, sauti ya Shakila mpaka uandikiwe?"

Nilinyamaza. Nilikuja na mashtaka ya dharau, nikajibiwa kwa ushahidi wa umaarufu. Mjomba aliandika kile ambacho kilikuwa hatarini kusahaulika kwake, yaani ni nani aliyemletea. Kile ambacho ulimwengu wake wote ulikijua hakukiandika, kama ambavyo hakuna anayeandika mlangoni kwake kwamba hii ni nyumba. Kisha ulimwengu ule ukaanza kuondoka mmoja mmoja. George Kinyonga alifariki 1992, Wilson 1995, Omar Shabani 1998, Ngereza 2000, Fadhili William 2001, Bi Shakila 2016. Wasikilizaji waliokuwa wakizijua sauti zao nao wanapungua. Kilichobaki ni kanda inayosema "wa bibi harusi Duga", na mwanafunzi anayeandika "mwimbaji hajulikani".

Tunajifunza nini kinadharia?

Watu wa pwani tunaijua isnadi: fulani kasikia kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka kwa msemaji wa kwanza. Karatasi ya mjomba ni isnadi iliyokatika kabla ya kufika mwanzoni. Ilikatika kwa sababu kiungo cha mwisho kilikuwa dhahiri mno.

Kama hoja hii inakubalika, basi inabidi tuutazame upya ule mstari wa vitabuni kuhusu fasihi simulizi. Tunaposema "mtunzi hajulikani" tunadhani tunaeleza tabia ya utanzu, kumbe pengine tunaeleza umri wa mazungumzo. Nyimbo za unyago, za jando, za kilimo, za kutwanga, inawezekana kabisa nyingi zilikuwa na mwenyewe aliyejulikana mno katika kijiji chake, mpaka ikawa ni upuuzi kumtaja. Jamii haikumnyang'anya wimbo, ilimzoea. Kisha waliomzoea wakafa. Sisi tulipofika na madaftari yetu tukakuta wimbo hauna mtu, tukasema ni mali ya jamii, tukaendelea na fani na maudhui.

Kuna wenzangu watapinga. Watasema wimbo hubadilika kila unapoimbwa, kila mwimbaji ni mtunzi, na kumtafuta mtunzi wa kwanza ni kuleta mambo ya fasihi andishi kwenye fasihi simulizi. Pingamizi hilo nalikubali nusu. Ni kweli kwamba "Macho Yanalia" wa harusi ya Duga si ule wa santuri. Kwenye kanda ya mjomba unasikika mluzi wa mtu na mtoto akilia, na hivyo sasa ni sehemu ya wimbo kwangu. Lakini kukubali kwamba wengi wameuongezea wimbo hakutupi ruhusa ya kumfuta aliyeuimba kwanza. Tunaweza kuwaandika wote. Karatasi ya kanda ina nafasi.

Tena jambo hili si la zamani tu. Angalia simu yako, ndugu msomaji. Zile nyimbo za singeli tulizorushiana bwenini, faili limeandikwa namba tu, au "wimbo mpya", au jina la aliyekutumia. Tunajua ni nani anaimba, kwa hiyo hatuandiki. Tunafanya kama mjomba, ila sisi hatuna hata karatasi.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba kanda ya mchanganyiko ni diwani yenye mhariri, mpangilio na hoja yake. Kwamba nyimbo za mwambao zilipoteza majina ya wenyewe njiani kwa sababu za kihistoria zinazotajika, zikiwemo ukosefu wa viwanda, mpaka uliofungwa, kudabu, na zaidi ya yote umaarufu wenyewe. Na kwamba wahakiki tunapoandika "hajulikani" bila kutafuta tunakamilisha kazi ambayo usahaulifu uliianza.

Kabla sijaondoka Horohoro nilimwomba mjomba ruhusa ya kuandika majina. Alinipa kanda na kalamu, akatoa sharti moja: nisifute aliyoyaandika yeye. "Dereva yule alikuwa mtu mwema," alisema, "naye aandikwe." Kwa hiyo sasa karatasi inasomeka hivi, na naomba mhariri aichape ilivyo:

Upande A. 1: Sina Makosa, Les Wanyika, wa dereva. 2: Macho Yanalia, Shakila Saidi, wa bibi harusi Duga. 3: Shida, Mbaraka Mwinshehe na Super Volcano, wa karani. 4: Tanzania Yetu, Atomic Jazz, redioni.

Upande B. 5: Jino la Pembe, Zuhura Swaleh, wa shangazi wa Vanga. 6: Jambo Bwana, Them Mushrooms, mtunzi Teddy Kalanda Harrison, wa hotelini. 7: Malaika, Miriam Makeba, kesi ya Fadhili William na Adam Salim, wa mwalimu. 8: The Smiths, kama alivyoandika mwenyewe.

Wenzangu, likizo imekaribia. Kwenye makabati ya wazazi wetu kuna kanda ambazo redio za kuzipigia zimekwisha kufa. Nendeni nazo kwa wazee walio hai, mwaulize sauti ni ya nani na kanda ilitoka kwa nani, na muandike vyote viwili. Mwalimu akituuliza tena tumemtafuta wapi, tuwe na mahali pa kutaja.